Glavu za Théodore

Mpendwa dada Gertrude, pamoja nanyi jamaa mliokusanyika kwake Mahagi-Port,

Nawasalimu kwa moyo wa shukrani. Kabla ya msimu, timu ya chuo chetu imepata mabeki wawili, mshambuliaji mwenye mbio za ajabu, na kipa aitwaye Yannick, ambaye familia yake imekimbilia hapa Bunia kutoka Djugu.

Kwa desturi yetu, kila mchezaji mgeni husimama na kutaja kijiji chake. Yannick alikitaja kile ambako mwanao Théodore, kipa wetu wa zamani, aliuawa. Wachezaji walitazamana. Nami kocha nilishusha filimbi yangu.

Ndipo Chris, mdogo wa marehemu na sasa kapteni wetu, alipofungua mfuko na kumrushia Yannick zile glavu za kaka yake ulizozitunza.

"Weye njo kipa? Vala. Lakini glavu ya mukubwa yangu haizoeye kufungwa, unasikia?"

"Nimesikia, kapiteni. Lakini ambia babeki yako basilale!"

Wote wakacheka, mazoezi yakaanza.

Dada, asante kwa Chris, mtoto uliyemlea hivyo. Jumapili tunafungua msimu. Njoo uketi nyuma ya goli, mahali pako pa siku zote.

Mdogo wako akupendaye,
Michel