Pacha Aliyebaki Apewe Jina

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia kutoka huku mbali. Mguu umeacha kuvimba? Mimi mwili ni mzima, ila nyumba niliyopewa ina ukimya mno. Jana nilionja mchuzi kwenye kiganja, kama alivyozoea marehemu mke wangu, nikashindwa kula.

Barua yako nimeipata. Unauliza kama mwanangu, pacha aliyebaki, apewe jina, kwa kuwa majirani wanasema mwenzake alikufa tumboni akaondoka na nusu yake, na mtoto nusu hapewi jina. Mama, nikueleze nilichokiona kazini.

Nalisha sungura wa daktari wa mifugo. Mimba ya sungura ikiwa changa kabisa ni kitone kisichoonekana kwa macho, kimegawanyika pande mbili. Daktari alikitoa kwa sungura mmoja, akanionyesha kwa hadubini. Kisha akachoma upande mmoja kwa sindano nyembamba, ukafa; uliobaki akaupandikiza tumboni mwa sungura jike mwingine. Nilihuzunika. Mwenzangu wa kazi, Mgogo mmoja, akanicheka: "Wewe mtu wa Ileje, unamlilia sungura hata hajazaliwa! Ngoja atoke na sikio moja."

Vitone vingi vya namna hiyo viliharibika, sikufichi. Lakini jike mmoja alizaa. Nilimshika mtoto yule, nikamgeuza huku na huku: masikio mawili, miguu yote, ukubwa sawa na wa wengine. Nikauliza, "Bwana, nusu nyingine ameipata wapi?" Daktari akasema kilichobaki kilikuwa bado kichanga, kikazidi kugawanyika na kukua hata kikajaza pengo kabla ya kuzaliwa.

Mgogo hakucheka tena. "Haya, mletee mama yake majani," akasema, "ana mtu wa kunyonyesha."

Sijui kama mapacha ni jambo lilelile. Daktari hakusema hivyo. Lakini wewe ndiye unayembeba. Hashiki kidole chako kwa nguvu? Akinywa maziwa, hashibi akalala? Kilichompungukia ni mama tu, na hapo tumepungukiwa sote wawili, yeye na mimi.

Nisalimie shangazi anayemkamulia maziwa, na kaka akirudi kutoka Tunduma. Mtoto asingoje likizo yangu. Mpelekeni kanisani, mwiteni Sekela, kama mama yake. Nawe, mama, ukiwa uani umwite kwa sauti, majirani wasikie.

Ni mimi mwanao akuwazaye,
Asajile