Kanga wa mwisho wa Azara

Sanatu, Azara ametolewa kwenye msaada wa pesa za maskini! Huyo mke mwenzangu, na presha yake ile, dawa atanunulia nini?

Wanachuo walitoka Tamale leo kuja kupima umaskini wetu. Azara akaona haya mgeni akalie gunia. Akaazima viti vyangu, akachinja kanga wake wa mwisho.

Wakala, wakalamba vidole. Binti mmoja akauliza, "Bibi, viti ni vyako?"
"Vya nani tena? Kula, mwanangu."
"Nyama mnakula lini?"
"Wageni wakija."
"Huja lini?"
"Kila siku, alhamdulillahi!"

Kila siku! Sanatu, kila siku!

Binti akaingiza majibu kwenye simu yake, nayo ikajibu papo hapo: huyu si maskini. Viti vilivyotoka kwangu vikaniacha mimi nihesabiwe fukara vimemtajirisha yeye!

Nimembembeleza awakimbilie, aseme ukweli. Kafuta machozi: "Nimwambie mgeni nimemlisha nikiwa sina? Bora presha."