Saa Isiyoiona Miguu

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu amenivisha saa ya kuhesabu hatua. Mimi! Mwashi niliyepanda ngazi na mfuko wa saruji kila bega, leo nahesabiwa kama mtoto anayesimama dede. Daktari wa viungo kasema nikitembea vya kutosha mwezi huu, nabaki kwangu. Nisipotembea, makao ya wazee. Makao! Nyumba hii nimeijenga mwenyewe. Hesabu inaingia kwenye simu ya binti, naye anamtumia daktari. Haya, ihesabu mpaka ichoke.

Jumatano, 5 Machi
Nimesukuma fremu yangu ya kutembelea, jikoni hadi getini, mara tatu. Jasho mpaka kisigino. Saa inasema hatua kumi na moja. Nimeipiga kofi.
Binti kapiga simu. Eti baba umeshinda kitandani? Eti saa haidanganyi. Kwa hiyo mwongo ni mimi. Nikamkatia.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeigundua! Mikono ikishika fremu haichezi, na saa inaona mkono tu. Tena mimi naburuta miguu. Nikampigia daktari. Kasema mzee wangu, kifaa kimepimwa. Kwa nani? Kwa vijana wanaokimbia!
Basi. Fremu nimeifungia stoo. Nimetembea mikono ikipunga kama gwaride. Mia nne!

Jumapili, 9 Machi
Elfu na ushee. Binti kacheka, baba ujana umerudi, tukutafutie mchumba. Nikamwambia wapange foleni. Daktari kasema yule mama anayekuja kunisaidia asubuhi hana haja ya kuja tena. Nani anamtaka! Magoti yanatetemeka — hayo saa haiyaandiki.

Jumatano, 12 Machi
Nimeanguka mlangoni mwa choo. Si kuanguka — kuteleza. Kujiburuta mpaka kitandani kumekula asubuhi nzima. Mguu wa kulia umegeukia nje, haunisikii. Nyonga moto. Sijamwambia mtu. Nikisema, natoka humu kwa machela na sirudi.
Binti katuma ujumbe. Baba, leo hesabu haijasogea, unaumwa? Nije?
Nikajibu nilikuwa naoga.
Nimelala chali napunga mkono. Juu, chini. Inahesabu! Mia. Mia mbili. Kila nikipunga, nyonga inachoma mpaka naona nyota. Nimepumzika niandike.
Simu tena. Hongera baba, naona umeanza. Basi siji leo. Ongeza kidogo.
Kiu imenishika. Maji yako jikoni.
Naongeza —