Kilomita Nne kwa Mwendo wa Miguu

Jumatatu, 3 Juni 2024. Hamugembe, Bukoba.

Miaka thelathini na minane tangu nitoke Ngenge, kijijini kwetu. Nimeihesabu tena asubuhi nikifuta mnyororo wa pikipiki, kazi yangu ya kila Jumatatu. Mnyororo uko sawa. Tairi ziko sawa. Mimi siko sawa.

Dada Veneranda amepiga simu. Nyonga haijapona tangu alipoanguka mwaka jana. Daraja la mto limesombwa na mafuriko, gari haliingii tena kijijini. Kutoka kwake hadi barabara kuu ni kilomita nne, naye hawezi kutembea hata hadi mwisho wa migomba yake. Amekubali kuja kukaa nami. Sharti ni moja: nimtoe mimi. Bodaboda hataki hata kuwasikia.

"Wanakimbiza kama wamebeba magunia. Wewe, Teo, utanipeleka mpola mpola."

Nilisema ndiyo kabla ya kufikiri. Sasa nafikiri.

Alhamisi, 6 Juni.

Shida ni huo mpola mpola, yaani taratibu kwa Kihaya. Pikipiki yangu ni ya injekta, kompyuta ndiyo inayoipimia mafuta; zawadi ya binti yangu nilipostaafu ualimu. Ikikimbia ni laini kama maji. Chini ya kilomita kumi na tano kwa saa inashtuka. Inavuta, inaacha, inavuta. Najua sababu, nimefundisha fizikia miaka ishirini na tisa: kiwandani wameipimia mafuta kidogo na hewa nyingi, moshi uwe safi. Kwa mwendo wa taratibu mchanganyiko huo hautoshi.

Na Dada hukaa upande. Wanawake wa umri wake hawapandi kwa kutanua miguu, na mimi sitamwomba. Mshtuko mmoja atateleza kwa nyuma. Nyonga ile ikivunjika tena, hatainuka.

Nimejaribu na gunia la maharage, nimeliweka upande bila kulifunga. Limeanguka mara tatu kabla ya kufika msikitini. Mama wa duka la jirani akacheka hadi akashika ukuta: "Mwalimu, umemuua mgeni wako!"

Sikucheka. Nililiokota gunia nikarudi nyumbani.

Jumamosi, 8 Juni.

Kiboksi nilichoagiza kimefika kwa basi kutoka Dar es Salaam. Kidogo, kinaenea kiganjani. Kinakaa kati ya sensa ya ekzosi, ile inayonusa moshi, na kompyuta ya pikipiki, na kazi yake ni kuiambia kompyuta iongeze mafuta. Kina kitufe cha kuzungusha, hatua moja hadi tisa.

Fundi Sudi amekifunga vizuri. Kisha akazungusha hadi tisa. Amelelewa na kabureta: pikipiki ikikohoa, ongeza mafuta. Nikatoka nayo. Moshi mweusi, harufu kali, na kwenye mteremko wa kanisani ikazima kabisa. Plagi imekuwa nyeusi kama sufuria ya kuni.

Niliogopa kuliko inavyostahili. Akilini niliiona ikizima vile vile mahali pengine, mbele ya lango moja ninalolijua.

Nimesoma kijitabu chote. Pasha injini dakika kumi. Anza katikati. Panda au shuka hatua moja, jaribu, andika.

"Mwalimu, pikipiki haisomi kitabu," Sudi amesema.

"Ndiyo maana nasoma mimi."

Jumapili, 9 Juni.

Plagi mpya. Hatua ya tano: moshi kidogo. Ya tatu: bado inashtuka. Ya nne: kimya. Gia ya kwanza, klachi nimeiachia yote, natembea sambamba na watu wanaotoka misa ya pili, wala hainivuti. Gunia halikuanguka.

Ningefurahi. Lakini wapi. Nilikuwa na kisingizio cha kutokwenda, sasa sina.

Niandike basi, hakuna anayesoma. Siogopi pikipiki peke yake. Namwogopa Projestus.

Jumatano, 12 Juni. Muleba.

Nimefika saa nane mchana. Nyumba ya wageni ni safi. Nimeagiza ndizi na samaki, nimerudisha sahani kama ilivyokuja. Dereva wa gari dogo la kumpeleka Dada Bukoba atasubiri kesho barabara kuu kuanzia saa nne.

Projestus ni mtoto wa baba mdogo. Baba alipofariki, kibanja chake, nyumba na shamba la migomba, kiliachwa kwangu. Siku ya kumaliza matanga Projestus alisimama mbele ya ukoo wote na panga, akasema nichague kutoka kwa miguu au kubebwa. Hakuna aliyesema neno. Nikatoka kwa miguu. Baadaye nikakimbia. Dada alikuwa ameolewa kijijini hapo hapo, hawakumgusa.

Nimeishi Tabora, Morogoro, kisha Bukoba. Nyumba nne, shule tano, vitabu vingi. Ngenge sijakanyaga.

Njia kutoka kwa Dada ni moja tu. Inapita mbele ya lango la baba, ambalo sasa ni la Projestus.

Alhamisi, 13 Juni. Muleba, jioni.

Naandika kitandani. Mwandiko ni mbaya.

Kwenda nilipita lango lile kwa kasi. Hapakuwa na mtu.

Kurudi, Dada alikaa upande, kanga mbili, mkono wake kiunoni mwangu. Sikujua kwamba atataka kuaga. Kila nyumba. "Punguza, hapa ni kwa Ma Adela." "Punguza tena." Watu wakatoka, wakatembea nasi, wakamtilia mkononi kahawa ya kutafuna, desturi yetu ya kumkirimu mtu. Gia ya kwanza. Pikipiki haikushtuka hata mara moja.

Langoni alikuwa amesimama Projestus. Mzee, mwembamba, panga mkononi, alikuwa anapunguza majani ya migomba. Alinitambua. Akaja, akashika keria ya nyuma ya kiti kwa mkono wa kulia, akatembea nasi. Panga likabaki mkono wa kushoto, nikiliona kwa pembe ya jicho.

"Kumbe mwalimu. Umerudi kuiba dada?"

"Mimi si mkungu wa ndizi, Proje," Dada akasema. "Kama unatembea, tembea."

Nikiongeza mwendo, Dada anaanguka. Nikisimama, nimebaki naye na panga lake. Nikabaki hivyo hivyo, mwendo wake, hatua kwa hatua. Nilisikia anavyopumua. Jasho liliingia machoni, sikuthubutu kulifuta.

Akasema: "Haikohoi. Ya mjukuu wangu inakohoa."

Niliendelea kutazama njia.

"Inakula mafuta sana?"

"Kidogo zaidi."

Hayo ndiyo maneno yangu kwake baada ya miaka yote hiyo.

Pale daraja lilipokuwa wameweka mbao tatu. Dada hawezi kushuka akapanda tena. Projestus akaachia keria, akaweka kiganja mgongoni mwa Dada, akavuka nasi akipita mtoni kando ya mbao, maji yakimfika magotini. Panga bado mkononi. Ng'ambo akasema, "Dada, ufike salama." Mimi hakuniaga. Alipogeuka nikaona anachechemea.

Dada aliingia garini mzima. Nikasimama nyuma ya gari nikatapika.

Jumapili, 16 Juni. Hamugembe.

Dada amelala vizuri. Daktari atamwona Jumanne. Ameketi barazani anamenya ndizi na kuikosoa migomba yangu: imebanana, sijui kulima.

Ameuliza kama tutakwenda Ngenge kuvuna kahawa. Amesema Proje amezeeka, hana meno, na nimeona mwenyewe alivyotushika mtoni. Nimeona. Nimemwambia wajukuu watampeleka akitaka, njia itakapokuwa nzuri. Akaomba sufuria kubwa.

Nilimwogopa yule mzee asiye na meno sawasawa na nilivyomwogopa akiwa kijana. Haikupungua hata chembe. Nilichoacha kule kilikuwa Dada, naye yuko hapa.

Sitarudi Ngenge.