Chupa ya Uzi Mweusi

Mwanangu Sakina,

Pokea salamu za nyumbani, moja moja kama unavyopenda. Baba yako anakusalimu. Kifua kimetulia, ameanza tena kushinda sokoni na mawese yake. Bibi yako anakusalimu na anauliza kama huko Ubelgiji unakula ugali au unalidanganya tumbo tu. Mdogo wako Hamisi anakusalimu. Yeye ndiye atakayeipiga picha barua hii akutumie kwa simu, na najua ataisoma. Asome. Mama Zubeda, jirani yangu wa sokoni, anakusalimu kwa mdomo wake uleule: "Mutoto amepanda ndege kwenda kusomea samaki, na ziwa iko hapa!" Mimi mwili mzima. Roho ndiyo haikai.

Tangu uliponipigia Ijumaa, maharage nayatia chumvi mara mbili. Naenda mlangoni, narudi, sijui nilifuata nini.

Unakumbuka likizo ile uliyokuja na chupa zako? Ulikaa uani unawakata wale samaki wadogo wanaoishi kwenye mawe ya ziwa kipande cha pezi, kama ukucha, unatia ndani ya alkoli. Kwa kuwa kusoma kunanichosha, ukazifunga chupa nyuzi shingoni: mweupe wa samaki wa ufuko wa Gatete, mweusi wa ufuko wa Kigwena. Nikakuuliza, "Huyu hata mafuta hana, mnamtakia nini?" Ukacheka. Ukasema ndani ya kila samaki kuna maandishi ya herufi nne tu, yanarudiwa na kurudiwa. Mama anamnakilia mtoto, na kila kizazi kinakosea kidogo. Nyinyi mnayahesabu makosa hayo kwa kompyuta, mnajua nani alitengana na nani, zamani gani.

"Kwa hiyo miaka yote hii ya shule unasoma makosa?"

"Ndiyo, mama. Bila makosa hatujui nani ndugu wa nani."

Ukaondoka chupa mbili bado tupu. Ukaniachia mimi nizijaze.

Sasa nisikilize. Mzee Saidi mpiga mbizi aliniletea samaki wa Gatete, nikaijaza chupa ya uzi mweupe kama ulivyonifundisha. Watatu wakabaki kwenye beseni. Nikamwambia twende Kigwena. Akasema, "Mama Sakina, sikio linatoa usaha, nipe siku tatu." Na mgeni aliyekubali kukuletea chupa huko Ubelgiji alikuwa anaondoka kesho yake asubuhi. Nikaliangalia beseni. Nikajiambia samaki ni samaki, mawe ni mawe. Nikawakata mapezi wale watatu, nikayatia kwenye chupa ya uzi mweusi. Wenyewe nikawakaanga, tukawala.

Hawakutoka Kigwena, Sakina. Ni wa Gatete, chupa zote mbili.

Halafu Ijumaa unanipigia unapiga kelele kama mtoto: "Mama! Wa Kigwena na wa Gatete ni ndugu kabisa, na katikati iko mchanga ambao hawauvuki! Profesa haamini. Memwa yangu yote nitaijenga hapo!" Memwa, ile kazi yako ya mwisho, utakayoitetea mbele ya maprofesa. Nikajibu nini? Alhamdulillahi. Ndilo neno lililotoka. Tangu siku hiyo ukipiga nampa bibi yako simu, nasema mikono yangu ina samaki.

Ulikuwa na miaka tisa ulipochanganya samaki wetu wa mukeke, wa jana na wa leo. Mteja uliyemuuzia wa jana alikuwa ameshafika barabarani. Nikakutuma umkimbilie, umwambie kwa kinywa chako mwenyewe. Ukalia, ukasema, "Mama, hatajua!" Nikakuambia, "Anayenunua kwetu anatumia macho yetu." Ukaenda. Ukarudi na kamasi mpaka kidevuni na yule samaki mkononi, na watu wote wakikutazama. Mama Zubeda akaniita mkatili. Mimi moyoni nilikuona mkubwa kuliko mimi.

Leo wewe ndiye uliyetumia macho yangu.

Sijui kosa hili litakuharibia kiasi gani. Sikusoma kiasi cha kujua. Labda mwaka mzima, labda profesa atakudharau kwa ajili ya mama muuza samaki. Mwambie ni mimi. Usinifiche.

Mzee Saidi amepona sikio. Keshokutwa napanda basi ya Nyanza-Lac, nateremka Kigwena, nakaa juu ya jiwe mpaka atoke majini na samaki mkononi, mimi namwona. Uzi mweusi ninao. Alkoli sina, na wa kukuletea bado simjui.

Kasirika kwanza, ni haki yako. Lakini usiandike ukurasa mwingine kabla hujaniambia: niende, au umeshachelewa? Piga leo, hata mchana wa soko. Safari hii nitapokea mwenyewe.

Ni mimi mama yako, hapa Rumonge.