Maboya Yaliyobaki Sebuleni

Kasingirima, Ujiji,
Kigoma.
Ijumaa, 13 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Marcel,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Baridi ya Norwei imekuachia kidogo? Na mgongo wako je, na shemeji Elinipa na watoto? Sisi tu wazima. Mama anakula vizuri, ila magoti humsumbua asubuhi. Mimi sukari imeshuka, namshukuru Mungu.

Naandika kwa mkono kwa sababu vidole vyangu havipatani na simu. Mwanangu Erica atazipiga picha kurasa hizi akutumie wewe peke yako. Kundi la familia nimetoka juzi, na sikutoka kwa bahati mbaya kama baba mdogo Dismasi anavyowaambia watu.

Tangu mwaka jana, kila siku saa moja asubuhi, ni wewe unayetuwekea kundini kipindi cha Ziwa Leo. Kwa hilo nakusifu. Yule binti Diana anakitangaza mwenyewe mtandaoni, hana tajiri nyuma yake, na habari zake huwa amezifuata kwa miguu. Alipomfichua yule mfanyabiashara aliyekuwa akichakachua mawese, ukoo mzima ulishangilia. Baba mdogo akasema binti kama huyo aolewe kwetu. Wewe uliandika kwamba nchi isiyo na watu kama Diana ni maiti. Nilimsomea mama maneno hayo, akatembea na tabasamu siku nzima.

Wiki iliyopita Diana akatangaza habari ya boti inayotoka Kibirizi kwenda Kagunga na watu sabini bila boya la kujiokolea hata moja. Mwenye boti hakumtaja, lakini Kibirizi nzima inajua ni ya shemeji yetu Rodgers, mume wa Frida. Na mwanamke aliyehojiwa alikuwa Honorata, dada yetu, maana kila wiki anapeleka vitenge Kagunga kwa boti hiyo, roho mkononi.

Uone sasa ndugu zako. Mkuki kwa nguruwe! Baba mdogo, ambaye hakosi kipindi hata akiwa chooni, amegundua ghafla kwamba Diana analipwa na mabeberu. Frida analia kwamba tumemvunjia nyumba. Rodgers mwenyewe, bingwa wa mdomo, anaapa kwamba maboya anayo. Ni kweli anayo. Yako sebuleni kwake Katubuka, kumi na mawili, bado yamo kwenye nailoni zake, na viti vikijaa wageni huyakalia. Siku ya ukaguzi hupelekwa botini, jioni yanarudi. Hata mimi nimeyakalia, nikanywa chai yake, nikanyamaza. Aibu hiyo ni yangu na siifichi.

Keshokutwa wameitisha kikao. Wanataka Honorata amwombe Rodgers radhi, kisha ampigie Diana aseme kwamba alidanganya. Watu wazima wenye akili zao wamekaa wakapanga hivyo! Ukweli wanaupenda sana ukibisha hodi kwa jirani.

Mimi nilikungoja wewe. Nilimwambia Honorata avumilie, Marcel akiandika wote watafyata mkia. Nawe ukaandika: “Rodgers ni mtu makini, boti iko salama. Mambo ya nyumbani tuyamalize ndani kwa ndani.” Umeiona lini boti hiyo, Marcel? Mwaka wa sita huu hujakanyaga Kibirizi. Nilisoma mara mbili, nikaona kinyaa, ndipo nikatoka. Rodgers namdharau kwa tamaa yake, lakini yeye angalau hajawahi kutuhubiria kila asubuhi.

Nisingesumbuka kukuandikia kwa ajili ya kukutukana tu. Jumatatu mama anakwenda Kagunga kumwona dada yake anayeumwa, na boti ya siku hiyo ni ya Rodgers. Nimemsihi asubiri nyingine ya Alhamisi. Hasikii.

“Marcel wangu amesema iko salama,” akaniambia. “Yeye anafuata habari za dunia nzima. Wewe unafuata nini, Elikana?”

Honorata naye alimwambia, akaambiwa ana ugomvi na shemeji yake. Kwa mama limebaki neno lako tu. Basi mpigie. Usiandike kundini, mpigie asikie sauti yako kabla ya Jumatatu, umwambie kwamba ulisema usilolijua. Najua itakuuma. Iume.

Erica anakuamkia. Msalimie shemeji na watoto. Honorata hakunipa salamu zako, nami sikumlazimisha. Mungu akutunze huko ugenini na akutie ujasiri wa kuinua simu. Mama anakusalimu kuliko sisi sote. Mzigo wake ameshaufunga.

Kaka yako, anayekupenda hata kwa hasira hii,
Elikana