Asilimia Tano ya Daktari Pruett

Barabara ya Kanisa la Zamani, 418
Coker Springs, Florida
17 Februari 2019

Mpendwa mdogo wangu Nadine,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji Eldon, na baridi ya huko Alaska iwe imewaachia masikio yenu. Goti lako linaendeleaje? Nakujua, ukiambiwa na daktari upumzike, ndiyo kwanza unapanda ngazi kufuta madirisha.

Sisi huku hatujambo. Paa limekwisha kuezekwa juzi, miezi minne baada ya kimbunga. Lile turubai la bluu lililokuwa juu ya paa, Royce wangu amefunikia mashua yake, maana mwanamume huyu hatupi kitu. Mti wa pekani wa mama ulianguka, lakini nimekuokotea njugu zake za mwisho. Nitakutumia kwa posta.

Nadine, barua hii nimeianza mara tatu na mara tatu nimeichana. Nina aibu, na sina mtu mwingine wa kumwambia.

Unakumbuka nilivyokuandikia miaka mitatu iliyopita, baada ya ile kesi ya mtoto wa Roxanne Tillery? Kurasa nne za majivuno. Nilikwambia dada yako amempatia mtoto mlemavu dola milioni sita. Kama bado unayo barua hiyo, itie kwenye jiko lako la kuni. Nilichokuandikia kilikuwa kweli nusu, na nusu niliyoificha ndiyo mbaya.

Kesi yenyewe sikukueleza vizuri. Roxanne alikwenda kujifungua katika hospitali ya kaunti, hiyo inayoendeshwa kwa kodi zetu. Mapigo ya moyo wa mtoto yakashuka, wauguzi wakachelewa kuona. Walipoona wakampigia simu Daktari Pruett, ambaye si mwajiriwa wa hospitali, ana kliniki yake na bima yake. Akawaambia wasubiri, akafika saa mbili baadaye. Colby akazaliwa ubongo umeshakosa hewa. Ana miaka minane sasa, hatembei, hasemi, na hali mpaka alishwe.

Tulipoitwa mahakamani, sisi raia wa kawaida, kuchaguliwa kuwa waamuzi wa kesi, jaji aliuliza ni nani ambaye familia yake imewahi kutibiwa na Daktari Pruett. Karibu ukumbi mzima ukainua mkono. Jaji akacheka, akasema akitufukuza sote kesi itaamuliwa na mbwa wa kaunti. Basi akatuuliza mmoja mmoja kama tutaweza kutenda haki. Zamu yangu ilipofika nilikuwa nakuona wewe, una miaka kumi na miwili, umejikunja kwenye kiti cha nyuma cha gari la baba, tumbo limekuwa gumu kama ubao, na Pruett anatoka mbio na viatu vya nyumbani kukupokea. Nikasema ndiyo, nitaweza.

Nilidanganya, mdogo wangu. Nililijua hilo neno lingali mdomoni.

Tulikuwa sita katika chumba cha kuamua. Kiasi cha fedha hakikutusumbua, tulikubaliana kabla ya chakula cha mchana. Kazi ilikuwa kugawa lawama, hospitali ngapi kwa mia na daktari ngapi. Curtis Boatwright, yule aliyekuwa dereva wa basi la shule, alikuwa na jibu lake tangu asubuhi.

"Nusu kwa nusu," alisema. "Wauguzi walisinzia, daktari akawaambia endeleeni."

Wenzake wanne walikuwa wanaelekea huko huko. Mimi nikaanza kazi. Nilizungumza siku nzima na nusu, Nadine, mimi ambaye kanisani hata matangazo huwa naogopa kusoma. Nikamwambia Curtis hospitali ina serikali nyuma yake, daktari ana jina lake tu. Nikamwambia mtoto atapata zile zile, zitoke mfuko huu au ule, kwa hiyo kuna haja gani ya kumharibia mzee wa watu uzee wake? Mmoja mmoja wakachoka. Tukaandika hospitali tisini na tano, daktari tano.

Wiki ile ile nilikuta kreti ya machenza barazani kwangu. Haikuwa na barua wala jina. Nilijua yametoka kwenye shamba la Pruett, na niliyala yote, mengine nikayatia kwenye keki.

Mwezi wa kumi na moja uliopita niliingia dukani pale kituo cha mafuta kununua karanga za kuchemsha. Juu ya kaunta palikuwa na chupa ya kuchangisha, na picha ya Colby imebandikwa, anahitaji kiti kipya cha magurudumu. Damu ikanipanda. Watu walikuwa wamepanga foleni nyuma yangu, nami sikupunguza sauti. Nikasema, "Milioni sita zimekwisha tayari? Walizila na nini?"

Yule mwanamke wa kaunta alinitazama. Amekonda, amekata nywele, amevaa miwani. Sikumtambua.

"Bi. Verna," akasema, "wewe ulikaa kiti cha nne. Ulivaa sweta ya kijani."

Alikuwa Roxanne. Hakunitukana. Alimwomba mwenzake ashike kaunta, akanipeleka nje kwenye mashine ya barafu, akanieleza taratibu kama anayemweleza mtoto. Sheria ya jimbo letu inasema hospitali ya umma, hata ikipatikana na hatia ya namna gani, hailipi zaidi ya laki mbili. Kinachozidi hapo ni lazima wabunge wa jimbo wapitishe muswada maalumu kwa ajili ya mtu huyo mmoja, na muswada wa Colby umeshakufa mara mbili bila hata kuwekwa mezani. Bima ya daktari ililipa fungu lake, ile tano. Wanasheria walipochukua chao na madeni ya matibabu yalipolipwa, kilichobaki kilitosha gari lenye mashine ya kuinua kiti chake na mwaka mmoja wa msaidizi.

Kikomo hicho kinamlinda yule wa umma. Daktari hakimlindi. Kila asilimia niliyomtoa Pruett nikaipeleka hospitali, nilikuwa naitia kwenye gunia lililotoboka. Curtis angesikilizwa, mtoto yule angepata milioni tatu za bima.

Sisi hatukuambiwa. Wanaoamua hawaruhusiwi kujua habari ya kikomo hicho, ndivyo sheria ilivyo, na Royce hulirudia hilo kila akiniona nimeinama. Ni kweli. Kutojua sheria si kosa langu. Kosa langu ni ile ndiyo.

Nilikaa wiki mbili bila usingizi wa maana. Halafu nikapika sufuria ya mboga na mkate wa mahindi, nikaenda kwa Roxanne. Nikamwambia yote, wewe na tumbo lako, viatu vya nyumbani vya Pruett, machenza. Nikamwambia mwezi wa tatu muswada ukirudi bungeni Tallahassee nitakwenda mwenyewe, nisimame mbele ya kamati, niseme nilichofanya. Nilikuwa nimeshaandika maneno yangu. Kila mtu hupewa dakika mbili.

Roxanne alikuwa anamlisha Colby. Hakuacha kijiko.

"Usije," alisema.

Nikadhani ni hasira. Nikamwambia nastahili kutahayari mbele ya watu.

"Sikiliza, Bi. Verna. Ukisimama pale ukasema mlimpendelea daktari, wale watu wa hospitali watasema, mnaona, tulibambikiwa lawama, kwa nini jimbo lilipe? Muswada utafia hapo hapo. Wewe utarudi nyumbani umeutua mzigo wako. Mimi nitarudi na huyu."

Nadine, nilitaka kwenda kujisafisha, na maji ya kunisafishia yangetoka kwenye kikombe cha mtoto yule yule.

Nikamuuliza basi nifanye nini. Akanitazama mikono, akaniuliza kama mgongo wangu ni mzima na kama najua kumgeuza mtu mzito kitandani bila kumchubua. Nikamwambia nilimtunza mama miaka miwili. Akanipa kijiko.

Tangu siku hiyo nakwenda kila Alhamisi. Namwogesha Colby, namkata kucha, nampaka mafuta vifundoni, na Roxanne analala saa nne mfululizo na mlango wazi. Ninapoimba nyimbo za kanisa nikakosea sauti, Colby hucheka. Zikitoka sawasawa hacheki. Basi nakosea makusudi.

Krismasi sikumpelekea Daktari Pruett keki yake. Ni mara ya kwanza tangu akuokoe. Alinisimamisha posta kuniuliza kama nilikuwa naumwa, nikasema ndiyo. Kwa hiyo neno hilo nimelitumia tena, na safari hii halikuwa uongo sana.

Siri ya maiti aijuaye mwosha, na mimi siwezi kumfunua maiti huyu mbele za watu mpaka muswada upite, na huenda usipite kamwe. Nilikuwa nimejiandaa kwa aibu ya siku moja. Hii ya kukaa nayo kimya sikujiandaa nayo. Naomba uishike nami, ila usiniandikie kwamba sikukosa.

Kamati itakaa Jumatano ya tarehe ishirini mwezi ujao. Roxanne atapanda basi la alfajiri kwenda kusema dakika zake mbili, na ameniomba nikae na mtoto siku nzima. Saa atakapokuwa anaongea, mimi nitakuwa jikoni kwake, kijiko mkononi, mdomo nimefumba.

Nisalimie sana Eldon, na Darla na mapacha wake, na mama mkwe wako kama bado ananikumbuka. Royce anakusalimu, anasema samaki mnaowavua huko ni wa picha tu. Mungu akulinde kwenye barafu, na akupe daktari mwema, lakini usimpende kupita kiasi.

Dada yako akupendaye, aibu na yote,
Verna